Jinsi ya Kupoteza Rangi Bila Kusafisha Maji

Kwanza hakikisha maji yako yana rangi. Usicheke, wengi wanaoingia kwenye kazi hii ya kufuga bakteria wa majitaka hukosea hapohapo mwanzoni. Wanachukua maji yaliyojaa chumvi, magadi na masalia ya kemikali, lakini meupe kama ya bomba, halafu wanashangaa hakuna aliyekuja kuyatazama. Maji meupe yanaweza kumaliza kambale wote wa mto na mwenyekiti wa mtaa asipige hata simu. Yawe mekundu tu: saa nne asubuhi diwani yuko ukingoni kavaa gambuti, na nyuma yake vijana watatu wanarekodi.

Kwa hiyo nilipoamua kujaribu, nilikwenda Mbagala kwa mama mdogo, ambaye anatengeneza batiki uani. Siku za nyekundu, mtaro wa nyuma ya nyumba yake huwa kama umechinjiwa ng'ombe wa harusi. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu: maji ya suuza, dumu moja la lita 20.

"Ya nini?"

"Nina wadudu, nataka wale rangi."

Akanitazama kitambo, kama mtu anayepiga hesabu ya ada alizolipa. "Mwanangu, rangi hii mimi naipima kwa kijiko. Hao wadudu wako wana hela?"

Kabla hujafunga dumu, mjue unayepigana naye. Mteja wa batiki anataka nguo isipauke kwa jua la Dodoma, isichuje kwa sabuni ya mche, isihamie kwenye shati la jirani siku ya kubanana kwenye daladala. Wakemia wamemsikiliza mteja huyu kwa zaidi ya miaka 160, tangu mwaka 1856, pale William Henry Perkin, kijana wa miaka 18 wa London, alipokuwa akijaribu kutengeneza kwinini ya kutibu malaria akaambulia uchafu mweusi uliotoa zambarau. Wamefaulu mno. Wamepata rangi ambayo jua, sabuni na jasho vimeinua mikono. Sasa rangi hiyohiyo ikitoka kwenye beseni kuingia mtaroni, tunataka ipotee yenyewe kabla ya Jumatatu.

Na mtaroni lazima iende, maana haikolei yote. Zile rangi za pamba zinazochovywa kwa chumvi na magadi zina tabia ya kigeugeu: sehemu yake inaungana na maji badala ya uzi, na ikishaungana na maji, uzi hauitaki tena. Kwa baadhi ya rangi hizo kinachomwagwa ni asilimia 10, kwa nyingine kinafika hata 50. Halafu jicho la binadamu ni mbeya. Baadhi ya rangi linaziona hata zikiwa miligramu 1 tu kwenye lita, yaani gramu moja, ncha ya kijiko cha chai, ndani ya simtanki la lita 1,000. Hakuna uchafu mwingine unaojichongea kiasi hicho. Risasi ikiyeyuka majini inakaa kimya. Rangi inapiga kelele tangu darajani.

Zaidi ya nusu ya rangi za viwandani ni za ukoo mmoja unaoitwa azo. Ndani ya molekuli yake kuna naitrojeni mbili zilizoshikana kwa mikono miwili, na kila upande zimening'iniza pete za kaboni. Rangi inasimama juu ya mshiko huo. Ukiuvunja, nyekundu inakufa. Naomba ulishike neno hilo, kuvunja. Sikusema kumaliza.

Mtambo wa kuvunjia unao tayari, tena unatembea nao. Rangi nyingi nyekundu na za manjano za vyakula zimo kwenye ukoo huohuo. Mtoto akila ubuyu, midomo na vidole vinabaki vyekundu hadi jioni, lakini tumboni bakteria wa utumbo wana uwezo wa kuukata ule mshiko bila kutangaza. Mwaka 1935 Wajerumani waliwatangazia madaktari dawa mpya nyekundu, Prontosil, ya ukoo wa azo. Kwenye panya ilitibu, kwenye chupa ya maabara haikuua kijidudu hata kimoja. Watafiti wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris wakafumbua fumbo mwaka huohuo: rangi yenyewe haitibu chochote, bali mwili unaivunja, na kipande kimoja kisicho na rangi ndicho dawa. Gerhard Domagk, aliyewajaribu wale panya, alitunukiwa Nobel mwaka 1939. Naipenda hadithi hii kwa sababu kipande kilichobaki kilikuwa dawa. Hiyo ni bahati ya mtende.

Tuendelee. Bakteria usinunue. Wako watu watakaokuuzia unga kwenye pakiti yenye picha ya jani la kijani, na huenda humo ndani kuna bakteria kweli, ila waliolelewa kwa starehe hawajawahi kuona mtaro. Waliokaa miaka mingi kwenye tope la nyuma ya nyumba ya mama mdogo wameizoea rangi kuliko fundi mwenyewe. Chota vijiko viwili vya lile tope jeusi la chini, linalonuka. Humo utapata akina Bacillus, akina Pseudomonas na jamaa zao wengi. Maabara hupenda kumchagua mmoja, kumlea peke yake na kumwandikia makala. Uani hatubagui. Kundi mchanganyiko lina faida yake, maana kinachomshinda huyu anakimalizia yule, kama kazi za msibani.

Sasa siri ambayo kichwa cha habari chochote kuhusu jambo hili huificha: wadudu wala-rangi hawaili rangi. Wanakula uji. Wakishakula wanabaki na elektroni za kutupa, na penye oksijeni wanaitupia oksijeni, kama mimi na wewe tunavyofanya kila tunapopumua. Oksijeni ikikosekana, wanatafuta jalala la karibu, na jalala la karibu ni ile azo. Ikishatupiwa elektroni nne, mshiko unakatika. Kwa hiyo sanaa yote ya kupoteza rangi ina mambo mawili tu: walishe vizuri, uwanyime hewa.

Nikapika uji mwembamba wa sembe, nikautia molasi kidogo. Mama mdogo alisimama mlangoni na kitambaa chake chenye nta begani. "Wadudu wanapikiwa uji," akasema, "wajukuu zangu wanakwenda shule na chai ya rangi."

Kuna kikwazo cha magadi. Maji ya batiki ya aina hii yanatoka na pH ya 10 au 11, na wadudu wengi wa kawaida wanapenda 7 hadi 8. Kiwandani wanatumia asidi. Mimi nilitumia ndimu, nikakamua 30 kabla ya kukumbuka kuwa siki ipo dukani. (Wapo bakteria wanaofurahia magadi makali, wale wa maziwa ya Bonde la Ufa kama Magadi na Bogoria. Mwaka 2004 Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya lililalamika kwamba vijidudu vya maziwa hayo vilichukuliwa bila kibali na kuzaa kimeng'enya kinachouzwa viwandani kwa ajili ya kuipausha jinzi. Kwa hiyo ukinunua jinzi ya mtumba iliyopauka vizuri magotini, si ajabu mkwaruzo ule ni wa mwana wa nyumbani aliyekwenda ughaibuni bila pasipoti.)

Chukua chupa tatu za soda za lita moja na nusu. Jaza maji ya rangi, uji, tope, hadi shingoni, pasibaki nafasi ya hewa, kisha funga. Moja usiitie tope, iwe ya kulinganishia. Weka uvunguni. Joto la Dar linafaa kabisa. Wenzetu wa nchi za baridi wanalipia umeme kupata nyuzi 30 ambazo sisi tunazitolea jasho bure.

Na usitikise. Ninalisema hili kwa msisitizo kwa sababu mkono wa msomi unawasha. Ukitikisa, unaingiza oksijeni, na wadudu wakiiona oksijeni wanaisahau rangi papo hapo, kama wageni wakisikia sinia la pilau limetoka. Mtafiti aliyeacha chupa yake itulie anapata maji meupe. Aliyeiweka kwenye mashine ya kutikisa anapata chupa nyekundu na malalamiko.

Siku ya pili kulitoka harufu ya yai viza. Hiyo ni kawaida pia. Maji ya nguo mara nyingi yana salfati, na wako wadudu ambao jalala lao ni hiyo salfati. Wakimaliza wanakuachia gesi inayonuka, na gesi yenyewe inasaidia kuivunja azo. Kwenye chupa moja ni kero. Kwenye shimo lililofunikwa ni gesi ya kuua mtu, kwa hiyo usiingize kichwa kuchungulia maendeleo. Jirani wa mama mdogo alituma mtoto kuuliza kama tumekufiwa na kuku.

Siku ya tatu ikatokea. Nilipovuta chupa kutoka uvunguni, ile ya kulinganishia ilikuwa nyekundu vilevile, na zile mbili zenye tope zilikuwa na rangi ya maji ya kunde. Nikaweka karatasi nyeupe nyuma yake, nikasoma maandishi kupitia chupa. Nilipiga kelele uani.

Hapa ndipo mwongozo wa watu wengi unapoishia, na kama shida yako ilikuwa diwani, acha hapahapa. Piga picha: chupa nyekundu kushoto, nyeupe kulia, mkono wako katikati. Andika kuwa rangi imeondoka kwa asilimia 95 na kitu, maana namba yenye nukta inaaminiwa kuliko isiyo nayo. Mpe kila mjumbe wa kamati chupa ashike. Usifungue kifuniko.

Mimi nilifungua, kwa sababu mama mdogo alitaka kunusa.

"Hii si imejificha tu?" akasema.

Nikamweleza habari za azo na elektroni nne. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaenda kwenye beseni lake la bluu, ile inayochovywa kwa kostiki na haidrosalfaiti, akachomoa kona ya kitambaa. Ndani ya beseni rangi ilikuwa kijani cha majimaji, karibu na manjano. Kona ile ilipopata hewa ikaanza kugeuka mbele yetu, ikawa kijani, ikawa bluu iliyoiva, kwa muda wa kuhesabu hamsini. "Hii nayo ilikuwa imeondoka kwa asilimia ngapi?" akauliza.

Ukweli ni kwamba ujanja huo ni wa kale kuliko beseni lake. Huko Kano, Nigeria, kwenye mashimo ya Kofar Mata yanayohesabiwa kuwa ya mwaka 1498, mafundi wa nili wamekuwa wakiwatumia wadudu hawahawa wa gizani kuipotezea nili rangi yake ili iyeyuke na kuingia kwenye uzi, kisha hewa inairudisha. Kumbe bakteria ni watia rangi wa zamani, sisi ndio tumewapachika cheo cha wasafishaji juzi.

Azo iliyokatika hairudi kwa njia hiyo. Mama mdogo hapo nilimshinda. Ila nilimshinda kwa nusu saa. Tulipokuwa tunabishana chupa iliyofunguliwa ilianza kugeuka, safari hii kuelekea kahawia, na kufikia jioni ilikuwa imefanana kabisa na juisi ya ukwaju. Mjukuu wa jirani alikuja na kikombe.

Sababu ni vile vipande. Molekuli ya azo ikikatika haiendi mbinguni. Inabaki vipande viwili au zaidi vinavyoitwa amini, na vingi havina rangi. Baadhi yake vikikutana na hewa vinashikanashikana na kuwa kahawia. Hao ndio wenye staha, wanaojionyesha. Wengine wanakaa majini weupe, watulivu, na ndani yao mna watu wabaya sana.

Mfano ni rangi iitwayo Kongo Nyekundu. Haikutoka Kongo. Mkemia Mjerumani, Paul Böttiger, aliigundua, na kampuni moja ya Berlin ikaanza kuiuza mwaka 1885, muda mfupi baada ya mataifa ya Ulaya kukusanyika mjini humohumo kwa ule mkutano wa mambo ya Kongo na kugawana Afrika. Jina la Kongo lilikuwa midomoni mwa watu wote, basi wakalibandika kwenye kopo. Ilikuwa rangi ya kwanza ya aina yake kukolea kwenye pamba bila dawa ya kushikiza, na ikauzika sana. Leo ni kipenzi cha maabara zinazojaribu wadudu wala-rangi, kwa kuwa inavunjika na kupauka vizuri mbele ya kamera. Ikivunjika inatoa benzidini. Benzidini huleta saratani ya kibofu. Tangu mwaka 1895 daktari wa upasuaji Ludwig Rehn wa Frankfurt alishaona wafanyakazi wa kiwanda cha rangi wakiletwa kwake na uvimbe wa kibofu, na benzidini ilikuja kuthibitishwa baadaye kuwa miongoni mwa kemikali zinazohusika. Kwa maneno mengine, unaweza kuchukua maji mekundu yasiyopendeza, ukayalisha uji, ukayanyima hewa, na siku ya tatu ukawa na maji meupe yenye hatari zaidi, ambayo hakuna diwani atakayeyavalia gambuti.

Kopo la mama mdogo limeandikwa "nyekundu". Basi.

Kama kweli unataka kuwaudhi wafadhili, panda choroko. Nilichukua sahani tatu, pamba, na choroko nane kila sahani: ya kwanza maji ya bomba, ya pili maji mekundu, ya tatu maji yangu meupe kabla hayajawa ukwaju. Baada ya siku nne, za bomba zote nane zilikuwa zimetoa mizizi ya urefu wa kidole. Za maji mekundu zilichipua tano, fupifupi, zimenuna. Za maji meupe zilichipua mbili, na ncha za mizizi yake zilikuwa nyeusi kama kijiti cha kiberiti kilichokwisha kuwaka. Chumvi ilikuwa ileile kwenye sahani mbili za mwisho, maana chumvi haiendi popote. Hakuna mdudu anayeila. Mwongozo huu ungekuwa wa heshima, picha ya choroko ingekaa ukurasa wa kwanza, na ya chupa ingekaa kwenye kiambatisho.

Angalia pia mashapo. Acha chupa itulie, tazama chini. Ikiwa tope limekuwa jekundu kama maji yalivyokuwa, hakuna kilichovunjwa. Wadudu wameibeba rangi miilini mwao, kama mtu anayefagia takataka chini ya mkeka mgeni anapobisha hodi. La kwangu lilibaki jeusi, nikashukuru kwa dogo hilo.

Hatua inayofuata haina mashabiki. Sasa, baada ya kuwanyima hewa wadudu wa kwanza, unatakiwa kuwaleta wa pili na kuwapa hewa nyingi, kwa sababu pete za amini kwa kawaida huliwa vizuri na wadudu wenye oksijeni. Hawa ndio wanaokula kweli, hadi kubaki kaboni dayoksaidi, maji na miili yao wenyewe. Ni wapole, ni wavivu, wengine wanasusa: amini zenye kiungo cha salfa zinaweza kuwashinda kwa wiki nyingi. Nikaazima pampu ya hewa ya samaki wa mapambo, nikatumbukiza mpira kwenye ndoo, nikaongeza tope la juu la mtaro, lile lenye hewa. Pampu ilipiga mapovu siku kumi na moja. Umeme ulikatika mara nne. Hakuna aliyekuja kupiga picha, maana maji yaliingia kahawia na yalitoka kahawia iliyopoa kidogo. Lakini nilipanda choroko tena, nane, na zikachipua sita.

Kiwandani mambo ni yaleyale ila kwa zege: tangi lisilo na hewa kwanza, tangi lenye hewa la pili, bwawa la kutulizia, na mahali pa kupeleka tope. Tangi la kwanza ni rahisi kuliendesha, hata gesi ya kupikia linaweza kutoa. Tangi la pili ndilo linalokula umeme saa 24, nalo ndilo linalozimwa kwanza mhasibu akipitia bili. Maji yanayotoka kwenye tangi la kwanza yatakuwa meupe kwa hali yoyote, na mhasibu huyo ana macho.

Yapo mambo ya kuharakisha. Vitamini B2 kidogo inafanya kazi ya kuchukua elektroni kutoka kwa mdudu na kuzipeleka kwenye azo, kama bodaboda kati ya kituo na nyumba ya ndani. Ipo pia njia ya klorini, ambayo inapausha maji ukiwa unahesabu, na inaweza kukuachia kemikali zenye klorini ambazo hata choroko hutaki zikutane nazo. Njia hiyo haihitaji mwongozo, dukani wanauza kwa chupa.

Nilirudi Mbagala Jumapili kurudisha pampu. Mama mdogo alikuwa ameanika batiki nyekundu tano kwenye kamba, nzuri kweli, na chini ya kamba kulikuwa na dumu la lita 20 lililojaa maji ya suuza.

"Nimekuwekea," akasema. "Na haya uliyoyatengeneza nimwage wapi?"

Nikamwambia asimwage kwanza.

"Mpaka lini?"

Nikaangalia uvunguni. Ndoo ilikuwa imefunikwa sahani na kuwekewa tofali juu. Chupa ya ukwaju alikuwa ameifunga kwa nailoni tatu, akaisogeza mbali na ndoo ya maji ya kunywa, na shingoni akaifunga kipande cha kitambaa cheupe alichokiandika kwa nta na kukichovya kwenye bluu, herufi zikatoka nyeupe, kubwa, zisizochuja: SI UKWAJU.